Je, Wajua Taa ya Njano ya Injini Inalinda Nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakazi wa Los Angeles walikuwa wakitokwa machozi barabarani mchana kweupe. Mkemia Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyehamia California, ndiye aliyeonyesha chanzo chake: moshi wa magari na mvuke wa petroli, vikipigwa na jua kali, hugeuka hewa inayowasha macho na kukereketa koo. Mwaka 1967 jimbo hilo liliunda bodi ya kusimamia usafi wa hewa, na yeye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Bodi hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuyalazimisha magari ya modeli ya 1988 yajikague yenyewe na kuwasha taa yakiona kasoro. Kuanzia modeli ya 1996, Marekani nzima ikadai mfumo mmoja uitwao OBD-II, wenye tundu la pini 16 karibu na usukani na misimbo ya aina moja kwa kila kampuni.

Historia hii ina kazi gereji. Wenye magari wengi huichukulia taa ya cheki injini kama ndugu wa ile taa nyekundu ya oili. Hawana undugu. Taa ya oili ikiwaka, egesha na uzime injini hapo hapo. Taa ya njano inachunga kinachotoka kwenye ekzosi: kanuni ya OBD-II inaitaka iwake pale kasoro inapoweza kufanya moshi upite mara moja na nusu ya kiwango kilichoruhusiwa. Ndiyo maana gari laweza kupanda mlima wa Kitonga bila kulalamika huku taa inawaka, na jingine likagonga beringi hadi kufa bila taa hiyo kusema neno.

Mtoa habari mkuu wa mfumo huu ni sensa ya oksijeni, kipande cha kauri ya zirkonia kilichochomekwa kwenye bomba la ekzosi. Bosch waliileta sokoni mwaka 1976 kwenye magari ya Volvo. Petroli huungua vizuri kwa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Petroli ikizidi, sensa hutoa karibu volti 0.9, hewa ikizidi, hushuka hadi karibu 0.1. Kompyuta, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, husoma volti hizo mfululizo na kuongeza au kupunguza mafuta kwenye nozeli.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Sensa hiyo haijui petroli, inajua oksijeni tu. Plagi ya silinda moja ikifa, hewa ya silinda hiyo hupita bila kuungua na kuingia kwenye ekzosi ikiwa na oksijeni yake yote. Sensa huripoti hewa nyingi, kompyuta huongeza mafuta, gari huanza kunywa petroli, na mashine ya kupimia yaweza kutoa msimbo wa sensa ya oksijeni au wa mchanganyiko mbaya. Mwenye gari hununua sensa mpya. Taa huzimwa, siku chache baadaye huwaka tena. Sensa ya zamani ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo. Ufa mdogo kwenye ekzosi, mbele ya sensa, huleta mkanganyo huo huo, kwa kuwa huvuta hewa ya nje.

Msimbo ni ushahidi, na ushahidi huhojiwa. Chukua P0171, msimbo unaosema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Herufi P ni ya injini na gia, sifuri inayofuata ina maana msimbo ni wa kanuni ya pamoja wala si wa kampuni moja, na 1 inaelekeza kwenye hewa na mafuta. Herufi na tarakimu hizo hazitaji kipuri hata kimoja. Fundi makini hafungui boksi la vipuri. Anatazama ni asilimia ngapi za mafuta ambazo kompyuta inaongeza ili kusawazisha. Akikuta asilimia ni kubwa injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa, kisha zinashuka akipandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika, atatafuta mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi inayovuta hewa, kwa sababu uvujaji huo huonekana zaidi injini inapovuta hewa kidogo. Akikuta asilimia zinapanda kadiri anavyokanyaga, atashuku pampu ya mafuta, chujio lililoziba, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na kwenye gari la miaka ishirini, ambalo mipira yake imekauka kwa joto, mara nyingi jibu ni mpira wa bei ndogo.

Kwa injini inayomisi kuna jaribio ambalo ningependa kila mwenye gari alijue. Mashine ikisema P0302, silinda ya pili ndiyo haiwaki. Hamisha koili yake uipeleke silinda ya tatu, ya tatu ilete ya pili, futa msimbo, endesha. Msimbo ukibadilika kuwa P0303, kosa limeifuata koili, na umethibitisha bila kununua chochote. Ukibaki P0302, rudisha koili na ufanye hivyo hivyo kwa plagi, kisha kwa nozeli, na mwisho pima mgandamizo wa silinda.

Taa ikianza kumetameta badala ya kuwaka tuli, hapo usiendelee na safari. Mfumo unasema injini inamisi kiasi kwamba petroli isiyoungua inamwagika kwenye masega, ile kauri yenye matundu madogo iliyopakwa platini, paladi na rodi ndani ya ekzosi. Petroli hiyo huungua humo humo, na joto lake laweza kuyeyusha kauri. Plagi ya bei ndogo inaua kifaa cha bei kubwa kuliko karibu kila kitu kingine kwenye mfumo wa moshi.

Masega yana historia chungu huku kwetu. Petroli yenye risasi iliyatia sumu, kwa sababu risasi hufunika madini hayo yakashindwa kufanya kazi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeacha kuiuza. Magari yaliyoingia baadaye yangeweza kubaki na masega mazima, lakini leo wako wanaozunguka wakiyanunua kwa ajili ya madini yake, na mafundi wanaoyakata kwa madai kwamba yanapunguza nguvu. Gari likiwa na sensa ya pili nyuma ya masega, taa huwaka kwa msimbo P0420. Mantiki yake ni hii: sensa ya mbele hupanda na kushuka upesi, na masega mazima huweka akiba ya oksijeni kiasi kwamba sensa ya nyuma hutulia. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, kompyuta huona masega hayafanyi kazi. Kabla ya kukubali, kagua kama ekzosi inavuja. Kama masega yamekatwa, hakuna sensa mpya itakayoizima taa hiyo kwa haki, na hewa inayotoka huko nyuma ndiyo ile Haagen-Smit aliyoipigia kelele.

Magari ya zamani zaidi kutoka Japani yana njia yao. Corolla nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji mashine yoyote. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, na taa yenyewe inaanza kuhesabu. Ikimeta mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kasoro iliyohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikatulia, ikameta mara mbili tena, ni msimbo 22, sensa ya joto la maji. Mbili kisha moja ni 21, saketi ya sensa ya oksijeni. Hakikisha umesoma majina ya matundu kwenye kifuniko kabla ya kuingiza waya. Ni vyema pia kujua kwamba Toyota kadhaa zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina tundu la pini 16 lakini hazizungumzi lugha ya OBD-II, hivyo kile kifaa cha bei nafuu cha bluetooth kikigoma kusoma, huenda si kibovu.

Kasoro nyingi haziwashi taa siku ile ile. Kompyuta husubiri izione katika safari mbili zinazofuatana, na wakati wa kuwasha taa huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa: mizunguko ya injini, joto la maji, mwendo, mzigo. Fundi anayefuta misimbo kabla ya kuisoma picha hiyo ametupa maelezo bora kuliko yote aliyopewa. Kasoro ikitengenezwa kweli, taa huzima yenyewe baada ya safari tatu safi, na msimbo hufutika baada ya injini kupata joto mara 40.

Anayekwenda kununua gari la mtumba afungue mlango, awashe swichi tu, atazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyetoa balbu au aliyeziba kwa gundi. Ikiwa gari ni la OBD-II, achomeke kifaa na aangalie orodha ya majaribio ya ndani: masega, sensa za oksijeni, mvuke wa petroli. Mengi yakiwa bado hayajakamilika, ama betri imechomolewa karibuni, au muuzaji amefuta misimbo saa chache kabla mnunuzi hajafika.