ADUI ALIYELALA UDONGONI

Ukiingia shambani unaona mahindi. Lakini chini ya miguu yako adui anaweza kuwa amelala. Adui huyo ni kiwavijeshi vamizi. Alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Mwaka 2017 alikuwa amekwisha fika Tanzania.

Mdudu huyu hupita hatua nne: yai, kiwavi, pupa na nondo. Nondo jike hutaga usiku juu ya majani. Maishani mwake anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Kiwavi hula majani, kisha huingia katika moyo wa mhindi. Akishiba hushuka chini na kujichimbia udongoni, sentimita 2 hadi 8. Huko hugeuka kuwa pupa wa rangi ya kahawia. Pupa hali wala hatembei. Anangoja kuwa nondo.

Atangoja siku ngapi? Joto ndilo linaloamua. Binadamu ana joto lake mwilini. Mdudu hufuata joto la mahali alipo. Udongo ukipoa, naye hupoa, na mwili wake hukua polepole. Ni kama maharage jikoni. Moto mdogo huyachelewesha kuiva.

Wakati wa joto pupa hukaa udongoni siku 8 au 9 tu. Wakati wa baridi hukaa siku 20 hadi 30. Tangu yai mpaka nondo, penye joto ni siku 30 hivi. Penye baridi ni siku 60 hadi 90.

Sasa tufanye hesabu. Katika siku 90 za baridi kunaweza kutoka kizazi 1. Katika siku 90 za joto hutoka vizazi 3. Bibi, mama na mjukuu, wote shambani mwako msimu mmoja!

Katika nchi ambazo udongo huganda kwa baridi, mdudu huyu hufa. Kwetu baridi humchelewesha tu. Usiitegemee ikumalizie kazi.

Basi fanya hivi:

1. Lima mapema. Jembe huwatoa pupa juu. Jua huwakausha na ndege huwala.

2. Panda pamoja na jirani zako, mvua zinapoanza.

3. Kagua shamba mara 2 kila wiki, tangu mahindi yakiwa machanga. Penye joto mayai huanguliwa kwa siku 2 au 3. Ukikaa siku 10 bila kukagua, umechelewa.

4. Ponda mayai na viwavi wadogo. Kiwavi mkubwa hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na dawa haimfikii vizuri.

5. Ukiona dalili, mwone bwana shamba kabla ya kununua dawa.

Ndugu mkulima, joto likizidi, ongeza macho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.