Murhabazi na Mugisho: kwa nini mimi na yaya hatuna jina moja

Bandugu, mwaka jana nilijaza fomu ya masomo ya inje. Yaya yangu alikubali kunilipia, akaandika barua. Jibu likarudi: majina hayafanani, leteni ushahidi kwamba nyinyi ni ndugu. Mimi ni Murhabazi, yeye ni Mugisho, baba yetu ni Byamungu. Baba moja, mama moja, majina matatu. Hapa Nguba hakuna mtu angeuliza.

Mwingereza yeye anarithi jina. Johnson ni mwana wa John. Smith ni mhunzi, hata kama Smith wa leo anatibu meno. Stanley ni jina la mahali: uwanja wa mawe katikati ya pori. Na yule Stanley wetu wa Kongo alizaliwa John Rowlands! Jina la Kiingereza linakuonyesha ukoo. Maana yake watu walishaisahau.

Kwetu Bashi jina linaongea juu ya mtoto mwenyewe. Mugisho ni baraka. Byamungu ni mambo ya Mungu. Murhabazi ni mwokozi, mwenye kuja kusaidia. Babu alinipa hilo kwa sababu nilizaliwa nyuma ya batoto babili waliokufa. Yaya hakukuwa na sababu ya kuitwa hivyo.

Hiyo "rh" nayo inatesa watu. Pahali Kinyarwanda kinaweka "t", Mashi inaweka "rh": kule Mutabazi, huku Murhabazi, ni jina moja. Mwandishi akisahau "h", diplome inatoka na Murabazi. Akiweka "t", na hii vita yetu, kuna mwenye atakuuliza wewe ni wa ngambo gani ya Ruzizi. Juu ya herufi moja!

Halafu kuna postnomu. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo. Yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Watu wakaongeza jina lingine la kwetu. Siasa ilipofunguliwa 1990 prenomu zikarudi, lakini postnomu haikuondoka. Ndiyo maana sisi tuko na nafasi tatu, fomu ya wazungu iko na mbili. Familia nyingi zinaweka jina la baba kwenye postnomu. Kwetu hapana: mimi nilipewa la babu, yaya la mjomba.

Kilichotuokoa ni vyeti vya kuzaliwa toka komini. Kila kimoja kinaandika baba na mama, kwa hiyo tulituma vyote viwili pamoja. Walikubali, ila tarehe ilikuwa imepita. Ninaomba tena mwaka huu.

Wewe mwenye kumaliza mwaka huu, soma jina lako herufi kwa herufi kabla diplome haijasainiwa. Nyuma ya hapo, kurekebisha ni kazi ya tribinali.