Urafiki wa Masomoni Ni Akiba ya Majirani



Katika vyuo vya kijeshi vya Tanzania, maofisa wetu husoma darasa moja na maofisa kutoka nchi jirani. Hula meza moja, hufanya mazoezi pamoja, kisha kila mmoja hurejea kikosini kwake. Wapo wanaodhani kuwa mtu hupelekwa chuoni kwa ajili ya cheti peke yake, na kwamba aliyeketi naye darasani ni mpita njia tu. Fikra hiyo ni ya makosa, na historia ya sehemu hii ya Afrika yatuonyesha hivyo.

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilifunguliwa mwaka 1961, na tangu mwaka 1963 hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1967 wanafunzi wa nchi mbalimbali waliunda pale chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda. Baadaye alijiunga nao John Garang kutoka Sudan, ambaye alikuwa amepata shahada yake ya kwanza huko Marekani mwaka 1969. Wakati ule wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na ofisi zao mjini Dar es Salaam, na mwaka 1968 Museveni na wanafunzi wenzake walikwenda kujionea maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji.

Mahusiano hayo hayakuishia darasani. Mwaka 1976, Msumbiji ikiwa imekwisha kuwa huru, vijana wa FRONASA, kundi la Museveni, walipata mafunzo ya kijeshi katika nchi hiyo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, kundi hilo lilikuwa miongoni mwa Waganda waliopigana bega kwa bega na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, hata Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Naye Garang, aliyeanza kuliongoza jeshi la SPLA mwaka 1983, alimpata jirani aliyemfahamu tangu masomoni, pale Museveni aliposhika madaraka mwaka 1986.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, urafiki pekee hautoshi. Maofisa wengi wa Uganda na wa Rwanda waliwahi kuwa jeshi moja, wakala shida pamoja msituni na kuingia Kampala pamoja Januari 1986. Walifahamiana kwa majina. Lakini mwezi Agosti 1999, na tena mwezi Juni 2000, majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana katika mji wa Kisangani, nchini Kongo. Mapigano ya Juni yalidumu siku sita, na mamia ya raia wa Kongo, ambao ugomvi ule haukuwa wao, walipoteza maisha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Urafiki wa maofisa nao ni mali, na daftari lake ni mikataba, sheria na utii kwa uongozi halali wa nchi. Palipo na daftari, kufahamiana huleta faida kwa raia. Pasipo na daftari, waliokuwa marafiki waweza kufyatuliana risasi. Ndiyo maana ni jambo la busara kwamba mwaka 1998 wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda umoja wao wa ushirikiano, uitwao EAPCCO, ili msaada baina ya polisi wa nchi hizi uwe na njia rasmi.

Kwa askari aliyeko masomoni, wajibu uko wazi. Hana budi kumsikiliza mwenzake na kujua mambo ya nchi yake, kujifunza maneno machache ya lugha yake, na kuendelea kumjulia hali baada ya mafunzo. Wakati huohuo hana budi kutunza siri za jeshi lake. Rafiki wa kweli hataziuliza. Mifugo inapoibwa na kuvushwa mpaka, afisa wa polisi anayemfahamu mwenzake wa upande wa pili hujua ombi lake limfikie nani, naye mpokeaji hujua kwamba anayeomba ni mtu wa kuaminika. Ombi hupita katika njia zake za kiofisi, lakini halilali mezani.

Cheti cha mafunzo huonyesha yale afisa aliyofundishwa. Watu aliosoma nao wataonekana thamani yao siku mpaka utakapokuwa na matatizo, na siku hiyo haitakuwa siku ya kuanza kutafuta marafiki.