Je, Wajua? Kabaka Yekka, Chama cha Mfalme

Je, wajua kwamba Uganda iliwahi kuwa na chama kilichojiita "Kabaka Peke Yake"? Ndicho Kabaka Yekka, KY kwa kifupi. Kilizaliwa Buganda mwaka 1961, na sera yake ilikuwa fupi kama jina lake: asikae mtu juu ya Kabaka, mfalme wa Buganda!

Wajua kilichowakera waasisi wake? Machi 1961 Baganda wengi walisusia uchaguzi. Chama cha Democratic Party (DP) kikazoa viti 20 kati ya 21 vya Buganda kwa kura za wachache waliojitokeza, na Benedicto Kiwanuka, Muganda asiye wa ukoo wa kifalme, akawa waziri kiongozi. Wakubwa wa Mengo, makao ya Kabaka, walifura!

Sasa shika hii. Februari 1962, KY ilibeba viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko, baraza la Buganda. Lukiiko ndilo lililochagua wabunge 21 wa Buganda, kwa hiyo Kiwanuka akakosa hata kiti bungeni.

Na nani alimwinua Milton Obote wa chama cha UPC hadi uwaziri mkuu? KY hao hao! Wapenda mfalme walishikana mkono na mtu ambaye mwaka 1967 alifuta falme zote za Uganda. Siasa hizo, ndugu yangu.

Oktoba 1963 Kabaka Mutesa II akawa Rais wa Uganda, mfalme na rais katika kiti kimoja. Mwaka mmoja tu baadaye, wananchi wa kaunti za Buyaga na Bugangaizi walipiga kura wakaihama Buganda, wakarudi ufalme wa Bunyoro. Kabaka alikuwa amehamishia askari wastaafu huko, eneo la Ndaiga, ili waongeze kura, lakini hawakuruhusiwa kupiga hata moja!

Hujachoka? Aprili 1966 wabunge walipitisha katiba mpya ya Obote kabla ya kuisoma. Nakala, waliambiwa, watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua!

Mwezi uliofuata jeshi la Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia kasri la Kabaka. Mutesa aliruka ukuta, akatokomea hadi Burundi, kisha London, alikofia mwaka 1969. Na aliyerudisha mwili wake nyumbani mwaka 1971 ni nani? Amin huyo huyo!

Falme zilirudi mwaka 1993, lakini Katiba ya 1995 inawakataza wafalme kujiunga na siasa za vyama. Hata KY ikifufuka kesho, Kabaka mwenyewe haruhusiwi kuchukua kadi!