Tabasamu Halibadilishi Feni

Kila Septemba inapoelekea ukingoni, simu zinaanza. Wiki ya Huduma kwa Wateja, ile inayoadhimishwa mwanzoni mwa Oktoba, inakaribia, na wenye biashara wanataka semina. Ombi ni lilelile na mara nyingi hata maneno ni yaleyale: "Naomba uje unifundishie vijana wangu kutabasamu. Siku moja inatosha?" Nimelisikia kwa mwenye duka la vipuri, kwa mkuu wa tawi la benki, kwa mmiliki wa zahanati. Nimeshalijibu kwa upole kwa miaka mingi. Safari hii nalijibu kwa maandishi, ili atakayepiga nimwelekeze hapa.

Siku moja haitoshi. Mwezi pia hautatosha, kwa sababu dawa unayoitaka si ya ugonjwa ulionao.

Kuna duka moja la vifaa vya umeme Kariakoo ambalo mwenyewe aliniita baada ya mauzo kushuka. Kabla ya kufundisha lolote niliomba nikae dukani siku tatu, nitazame tu. Siku ya pili asubuhi akaingia mama wa makamo, amebeba feni ya kusimama ndani ya boksi lake. Alikuwa ameinunua wiki iliyotangulia. Ilizunguka usiku mmoja, ikanyamaza. Risiti alikuwa nayo mkononi. Binti wa kaunta alisimama, akamwambia shikamoo, akampokea boksi, akamvutia kiti, akamwomba radhi mara mbili kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Kisha akasema, "Ila bosi hayupo, mama. Yuko safarini. Ukija Alhamisi utamkuta." Ilikuwa mara ya tatu kwa yule mama kuambiwa arudi siku nyingine. Alimtazama binti, akamwambia bila hasira yoyote: "Mwanangu, ukarimu wako nimeuona. Feni je?"

Binti akainamisha kichwa. Feni za aina ileile zilikuwa stoo, hatua tano nyuma yake, na funguo za stoo alikuwa nazo yeye. Bosi wake alimkabidhi duka, mauzo ya kutwa nzima na mzigo wote wa stoo. Uamuzi wa shilingi 45,000 hakumkabidhi. Na ndiye huyohuyo bosi aliyekuwa tayari kunilipa nimfundishe binti huyo tabasamu, kitu ambacho alikuwa nacho kuliko mimi.

Nataka msomaji aelewe uzito wa jambo hili. Imani kwamba huduma mbovu ni tabia ya mfanyakazi, na kwamba tabia hiyo inanyooshwa kwa semina, fulana za rangi moja, keki na bango la "Mteja ni Mfalme", ndiyo imani inayokula fedha nyingi za wafanyabiashara bila kurudisha kitu. Inapendwa kwa sababu inamwondoa mwenye biashara kwenye lawama. Kosa linakuwa la kijana wa kaunta, mwenye uso uliokunjamana. Hakuna anayeuliza ni nini kilichoukunja. Mtu anayewaambia wateja "mtandao uko chini", "chenji hakuna", "njoo kesho" tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni, huku kila mmoja akimtukana kwa kosa ambalo si lake na hawezi kulirekebisha, ukimwagiza atabasamu umemwongezea mzigo. Hujamsaidia, wala hujamsaidia mteja.

Agizo la tabasamu limeshajaribiwa kwingine, tena na wenye fedha kutuzidi. Nchini Marekani maduka makubwa ya Safeway yaliwaamuru wafanyakazi wawatazame wateja machoni, watabasamu, wawaite kwa majina yao. Mwaka 1998 baadhi ya wafanyakazi wa kike waliwasilisha malalamiko rasmi: kuna wateja wanaume waliokuwa wakiichukulia bashasha ile ya amri kuwa mwaliko, wakawasumbua kwa maneno machafu. Walmart nayo iliingia Ujerumani mwaka 1997 na desturi za kwao za kumlaki mteja mlangoni na kumchekea, na Wajerumani wengi wakaona ni vituko. Sitaki kuitupia bashasha lawama yote, maana kampuni hiyo ilishindwa pia kwenye bei na kwenye mahusiano na vyama vya wafanyakazi, lakini mwaka 2006 iliyauza maduka yake kwa Metro, kampuni ya hukohuko Ujerumani, ikaondoka. Na mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege wa shirika la Delta na kuchapisha kitabu *The Managed Heart* mwaka 1983, alikwishaonyesha kwamba kuonyesha hisia usizokuwa nazo kwa ajili ya mshahara ni kazi kamili, na inachosha.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa shirika lenye wafanyakazi wazuri kwelikweli. Southwest Airlines ya Marekani ilianza kurusha ndege mwaka 1971, na mmoja wa waanzilishi wake, Herb Kelleher, hakuficha msimamo wake kwamba wafanyakazi ndio wa kwanza, mteja anafuata. Shirika lile lilipata faida kila mwaka kuanzia 1973 hadi 2019, katika biashara ambayo imeua mashirika mengi. Wahudumu wake walisifika kwa ucheshi na utu. Ikafika Desemba 2022. Dhoruba ya baridi ikapiga, mashirika yote yakayumba, mengine yakasimama upya ndani ya siku chache. Southwest ilizama. Mfumo wake wa kupanga marubani na wahudumu ulikuwa wa kizamani, ukashindwa kujua nani yuko wapi. Wafanyakazi wenyewe wakakaa kwenye simu saa nyingi wakisubiri kuambiwa waende kituo gani. Safari zaidi ya 16,000 zilifutwa na abiria zaidi ya milioni mbili wakaathirika. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikalipiga shirika faini ya dola milioni 140. Wahudumu walikuwa walewale, wenye roho ileile nzuri. Roho nzuri haikumfikisha abiria nyumbani kwake Krismasi.

Hapo huwa kuna anayenikatiza: "Lakini sisi Watanzania hatuna utamaduni wa huduma. Ndiyo maana hoteli zinaajiri Wakenya." Kauli hii nimeichoka, na naiita kwa jina lake: ni dharau kwa watu wetu. Kijana unayesema hana utamaduni wa huduma, nenda kwao Jumapili bila kutoa taarifa. Utakaribishwa, utawekewa kiti kizuri kuliko vyote, utanawishwa mikono, na ukiaga utaambiwa mbona mapema. Jumatatu asubuhi huyohuyo anaingia kazini kwako anageuka jiwe. Utamaduni hauwezi kuwa umepotea njiani kwenye daladala. Kuna kitu ofisini kwako kinachomfanya hivyo.

Nenda basi Kilimanjaro. Waongozaji na wapagazi wa mlima ule ni Watanzania, wengi wao watoto wa Moshi, Marangu na Machame, na wageni waliopanda wanawasimulia kwa shukrani miaka na miaka baadaye. Mishahara yao haijawahi kuwa ya kujivunia, na wapagazi wamepigania haki zao kwa muda mrefu. Bahshishi ya mgeni ina nafasi yake, sikatai. Lakini tazama kazi yenyewe ilivyo. Usiku wa manane mko kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari, mgeni anatapika na kichwa kinampasuka, na kilele cha Uhuru, mita 5,895, bado kiko mbali. Mwongozaji mkuu hawezi kusema bosi hayupo. Yeye ndiye anayeamua huyu aendelee na huyu ashushwe sasa hivi, hata kama mgeni amelipa maelfu ya dola na anakataa kushuka. Mteja si mfalme pale. Mteja ni mtu aliye chini ya uangalizi wa mtu anayejua kazi yake na mwenye mamlaka ya kuifanya. Ndiyo maana anamwamini, na ndiyo maana anamshukuru.

Sasa zitazame hizo biashara za nje ambazo kila mwandaaji wa semina anazitaja bila kusema zinafanya nini. Hoteli za Ritz-Carlton, zilizotwaa tuzo ya ubora ya Malcolm Baldrige ya Marekani mwaka 1992 na tena mwaka 1999, zinajulikana kwa kanuni moja: mfanyakazi yeyote, awe mtandika vitanda au mbeba mizigo, anaweza kutumia hadi dola 2,000 kumaliza tatizo la mgeni mmoja bila kuomba ruhusa kwa meneja. Soma tena kiasi hicho, halafu umkumbuke binti wa Kariakoo na feni yake. Zappos, wauzaji wa viatu kwa intaneti chini ya Tony Hsieh, waliwaondolea wapokea simu wao maneno ya kukariri na muda wa kumaliza simu; mteja alikuwa na siku 365 za kurudisha kiatu kisichomfaa. Hata walikuwa na desturi ya kuwapa wafanyakazi wapya fedha, ikafika dola 2,000, kama wanataka kuacha kazi mapema, ili abaki anayetaka kubaki. Ajabu hizo zote zina mzizi mmoja: aliye mbele ya mteja anaweza kulimaliza jambo.

Najua kinachokuzuia, kwa sababu mmeniambia wengi, kwa kawaida mkiwa mmeshusha sauti: "Nikiwapa uhuru huo wataniibia." Tuseme hili wazi. Asiyeaminika kwa feni ya 45,000 kwa nini umemwachia droo ya fedha? Na wizi mkubwa ninaoukuta madukani hauhusiani kabisa na kumbadilishia mteja bidhaa mbovu; unafanyika stoo, kwenye manunuzi, kwenye risiti zisizotolewa. Kibaya zaidi, wengi wenu mna mtindo wa kumkata mfanyakazi mshahara kila hesabu inapopungua au bidhaa inaporudi. Umemkata mara mbili, mara ya tatu atakufanyia nini? Atamkatalia kila mteja kila kitu, kwa adabu kabisa kama umempeleka semina. Anailinda ada ya mtoto wake. Mimi pia ningefanya hivyo.

La kufanya ni fupi. Weka kiwango cha fedha ambacho mtu wa kaunta anaamua mwenyewe. Anza na 50,000 au hata 20,000, kwa maandishi, na anachoamua akiandike kwenye daftari pamoja na namba ya risiti. Ng'oa lile tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi", uandike inarudishwa ndani ya siku ngapi na katika hali gani. Acha makato ya mshahara kwa hasara zisizo za uzembe. Lipa tarehe uliyoahidi. Weka chenji ya kutosha kila asubuhi, noti ndogo na sarafu, ili mtu asipewe pipi badala ya mia mbili yake. Hesabu foleni: kama wateja wanajaa saa sita hadi saa nane, mapumziko ya chakula yasiwe saa sita hadi saa nane kwa wote. Mtandao ukikatika, wawe na njia ya karatasi iliyokubaliwa, na anayemhudumia mteja achukue namba yake ampigie yeye, asimrudishe mteja kwa nauli yake. Kila wiki kaa nao robo saa, uulize kitu kimoja tu, nini kimewashinda kumsaidia mteja wiki hii, na kabla ya kikao kijacho kiondoe hicho. Ukienda safari, taja nani anaamua usipokuwepo. Anayetukana wateja akiwa na kila nyenzo, huyo mwachishe kwa kufuata sheria. Wapo, ila ni wachache kuliko unavyodhani. Ukishayafanya hayo ndipo mafunzo yana maana, na nitakuja kwa moyo mmoja.

Duka la Kariakoo nililianzia hapo, kwenye kiwango na daftari. Mwenyewe alikubali kwa simu, kwa shingo upande. Yule mama aliporudi Alhamisi, bosi bado alikuwa safarini. Binti alifungua stoo, akatoa feni mpya, akaichomeka kwenye soketi ya kaunta ili mama aione ikizunguka, akaandika kwenye daftari. Dakika tano hazikufika. Alikuwa anatabasamu, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo ndugu mwenye biashara, Oktoba hii kabla hujanipigia, shuka kaunta kwako saa ambayo foleni imejaa. Muulize yule mdogo kuliko wote kwa cheo: "Ni kitu gani unaruhusiwa kumwamulia mteja bila kuniuliza mimi?" Liandike jibu lake neno kwa neno, uje nalo. Hilo ndilo nitakalotaka kulisikia kwanza.