Kupeana mpira mbele ya goli

Tazameni watoto watatu kiwanjani. Wa kwanza anampa mwenzake mpira, naye hasimami: anakimbia mara moja kando ya adui. Mwenzake anaurudisha kwa mguso mmoja tu. Adui anageuka, amekwisha kuchelewa, kwa maana mpira hupita mbio kuliko mtu. Njia ikifungwa, wa tatu yuko tayari upande wa pili.

Sasa amebaki mlinda goli. Goli lina upana wa mita 7 na sentimita 32; hawezi kufunika pembe zote mbili. Mpigaji ainue macho kwanza, halafu apige chini, penye nafasi. Wengi hupiga kwa nguvu tu, na mpira waenda majanini!

Mwaka 1974, katika Kombe la Afrika huko Misri, Ndaye Mulamba wa Zaire, ndiyo Kongo yetu, alifunga magoli 9. Fainali na Zambia ilichezwa mara mbili: magoli yote 4 ya Zaire yalikuwa yake.