Kihispania cha Kituo hadi Kituo

Akinijia mtu anayehamia Jiji la Mexico kwa kazi au masomo, akaniuliza aanzie wapi kujifunza Kihispania, simtumi kwanza duka la vitabu. Namwambia aende kituo cha Metro cha Pino Suárez, apande treni ya njia ya 2 inayokwenda Tasqueña, na asishuke mpaka mwisho wa reli. Nauli imekuwa peso 5 tangu Desemba 2013, na ukishaingia unaweza kubadili treni bila kulipa tena. Kwa peso hizo tano utasikia lugha ileile ikirudiwa tangu unapoingia hadi unapotoka.

Kurudiwa huko ndiko ninakokutafuta kama mwalimu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau upesi tulichojifunza mara moja, na jinsi kumbukumbu inavyokaa pale kitu kinaporudi baada ya muda. Abiria wa kila siku hupata marudio hayo asubuhi na jioni bila kuyapanga. Tena maneno yenyewe si mengi, na kila moja lina mahali pake. Mshale wa kukuelekeza treni hausemi kaskazini wala kusini, husema *dirección* na kutaja kituo cha mwisho. Njia ya kwenda kwenye treni nyingine imeandikwa *correspondencia*. Ukikosea maneno hayo mawili unajikuta upande usio wako wa jiji, na mtu aliyepotea hivyo mara moja hayasahau tena.

Kisha kuna michoro. Metro ilipofunguliwa Septemba 1969, mjini kulikuwa na watu wengi wasiojua kusoma, na Lance Wyman, msanifu Mmarekani aliyekuwa amechora nembo za Olimpiki ya 1968, alishiriki kubuni alama ya kila kituo. Pino Suárez ina piramidi ndogo, kwa sababu wajenzi walipochimba walikuta madhabahu ya Ehécatl, mungu wa upepo wa Waazteki. Madhabahu hiyo ipo palepale hadi leo, na abiria hupita kando yake wakibadili treni. Ukielekea kusini utaona matunda kwenye alama ya Chabacano, jina la aprikoti kwa Kihispania cha Mexico, na matao kwenye alama ya Portales. Waliokusudiwa ni wasiojua kusoma, na mgeni wa lugha ni mmoja wao: anaona picha, anaona maandishi, yote ndani ya sekunde chache kabla mlango haujafungwa.

Usome na milango pia. Imeandikwa: *Antes de entrar permita salir*, yaani kabla ya kuingia, waache wanaotoka. Hapa Mswahili ana mtaji ambao wengi hawaujui. Tunapoomba kwa adabu tunageuza irabu ya mwisho: pita, upite, ngoja, ungoje. Kihispania nacho hufanya hivyo. *Pasa* huwa *pase*, *espera* huwa *espere*, *baja* huwa *baje*. Vitenzi vya kundi jingine hugeuka kinyume, *permite* ikawa *permita*, lakini kanuni ni moja: adabu imekaa kwenye irabu ya mwisho. Nimeona wanafunzi wa mataifa mengine wakihangaika na jambo hili miezi kadhaa. Mswahili nikimwonyesha mlango wa treni, huelewa siku hiyohiyo.

Mtaji mwingine ni sauti. Irabu za Kihispania ni zetu tano, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Halafu kuna Kiarabu, kilichoingia Hispania kwa karne nyingi za utawala wa Waislamu kama kilivyoingia pwani yetu kwa biashara na dini. *Tarifa*, yaani bei au nauli iliyopangwa, ni ndugu wa taarifa. *Fulano* ni fulani. *Azúcar* ni sukari. Na *hasta*, neno utakalolihitaji kila ukieleza unakokwenda, limetoka mzizi mmoja na hata yetu, ile ya wazee waliosema "hata asubuhi" wakiwa na maana ya mpaka asubuhi.

Ndani ya behewa, tega sikio kwanza. Wachuuzi, ingawa wamekatazwa, hupita wakiimba *diez pesos le vale, diez pesos le cuesta*: thamani yake peso kumi, gharama yake peso kumi. Vitenzi viwili, bei moja, na kile kijineno *le* cha kumheshimu mnunuzi. Halafu mtu anayetaka kupita husema *con permiso*, na aliye mbele yake hujibu *propio*. Sisi tuliolelewa kwenye hodi na karibu tunajua kwamba la kwanza halijakamilika bila la pili. Mgeni akijibu *propio*, nyuso humgeukia kwa furaha.

Mtihani halisi uko kwenye mabasi madogo, ndugu wa daladala, ambako vituo vingi havina alama na dereva hasimami asipoambiwa. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nimetunga sentensi nzima kichwani, yenye nafsi ya kwanza na kitenzi sahihi, na nilipokuwa bado naipanga, kona yangu ilipita, ikafuata nyingine, na nyingine. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, mfuko wa nyanya mapajani, aliniona nikigeuza shingo dirishani. *Dígale "bajan", joven.* Mwambie wanashuka, kijana. Wanashuka, ingawa nilikuwa peke yangu! Ndivyo wasemavyo: abiria hajitaji, anamjulisha dereva kwamba kuna watu wa kushuka. Sarufi hiyo sijawahi kuikuta katika kitabu cha wanaoanza.

Nilitembea kurudi karibu nusu saa, nikilitamka neno hilo njia nzima. Kesho yake nilisimama kona moja kabla, nikashika bomba, nikapaza sauti: *Bajan en la esquina, por favor.* Dereva hakugeuka. Alikanyaga breki.